Mabomba Laini Darini kwa Baba

Jumanne, 3 Juni
Baba amekubali! Nimfungie mabomba ya kupitisha hewa ya moto kutoka kwenye mashine ya joto hadi sebuleni na vyumba viwili vya kulala; jikoni bati lake la zamani linabaki. Na kwa bomba laini — lile linalokunjika, sufi katikati, karatasi ya kung'aa nje. Mzee wa miaka sabini na mbili, fundi bati tangu kabla hajamwoa mama. Bomba langu analiita utumbo. Ametoa sharti: Jumapili ikifika na chumba chao bado kina baridi, utumbo wote unashuka, bomba la bati linapanda. Atapanda nalo yeye mwenyewe, kwa magoti yake yale mabovu. Miaka sita niko kwenye kazi hii, hajawahi kusema kama naiweza. Nina furaha na hofu.

Alhamisi, 5 Juni
Siku nzima darini. Vumbi hadi kwenye meno. Bomba la mita saba nimelibeba begani kama mkoba, nikacheka peke yangu. Baba akauliza toka chini mbona hasikii nyundo. Nikamwambia hii haipigwi nyundo. Akaguna kwamba kazi isiyo na kelele ni ushonaji. Mama akamwambia basi anyamaze ashonewe.

Ijumaa, 6 Juni
Tumewasha mashine. Sebuleni, joto tamu. Chumba cha wageni, safi. Chumbani kwao — pumzi ya mgonjwa. Baba akashika karatasi mbele ya tundu la hewa. Haikutikisika. Akaikunja, akatoka. Afadhali angenigombeza.

Jumamosi, 7 Juni
Kosa nimelijua! Ni langu, ila nimelirithi. Nikiwa mdogo Baba alinifundisha: kata refu, utapunguza baadaye. Kwa bati ni sawa. Bomba laini likizidi linalegea na kujikunja, na hewa inakwama kwenye mikunjo. Nilikuwa nimeacha karibu mita mbili za ziada zimelala juu ya mbao. Nimezikata, nimelivuta bomba likanyooka, nimefunga tepu upya. Pazia la mama linapepea! Baba alikuwa kwa kinyozi. Sijamwambia.

Jumapili, 8 Juni
Mama kanipokea mlangoni na kicheko. Mzee kalala bila soksi! Yuko wapi? Akanionyesha ngazi. Miguu tu ndiyo inaonekana, kichwa kiko darini na tochi.
Nimekiri yote nikiwa huku chini. Mita mbili, nilikata refu.
Tochi ikanigeukia. Kisha: “Nani alikufundisha kukata refu?”
“Wewe, Baba.”
Ngazi ikaanza kutikisika. Nikaikamata haraka — kumbe anacheka. Akaniagiza mkasi wa bati. Wa nini? Bomba la bati la jikoni, alilolifunga mwenyewe mwaka niliozaliwa, linapoteza joto njiani. Akauliza hapo zinahitajika mita ngapi za lile langu. Nikamwambia nne.
“Pima mwenyewe. Wewe ndiye fundi.”
Nimeyaandika maneno yake hapa yale yale, nisije nikadhani niliota. Mama anamwita ashuke anywe chai. Hashuki. Kipande cha kwanza cha bati kiko miguuni pangu, cha pili anakikata.