Kriki Uliyokuja Kuomba

Shemeji Wilondja,

Mi Amisi njo ninakuandikia, ndugu mudogo wa bibi yako, fundi wa sudire, wa kuchomelea byuma, mwenye ulikuwa unamuita Moshi juu ya haya macho yangu mekundu. Ninaandika mu kayé ya shule ya mutoto wako Neema, alinipasulia karatasi mbili, akasema nisiongeze hata moja. Nitakusomea ku kaburi yako kule juu, karibu na Fizi, siku barabara itafunguka. Kama haifunguke, basi pokea hivi hivi.

Ile mashini yetu ya kupasua kuni ingali inafanya kazi. Yaya Riziki, bibi yako, iko anaipiga pompe kila asubuhi, anapasua, anakausha samaki yake ya mikebuka, batoto banakula. Bote batatu bako bazima. Mutaa wetu umebaki nusu, bengine balivuka ziwa, bengine hatujui. Muzee wa mashua ya Kazimia alikufa na kuhara. Mi nilikonda, ungeniona ungecheka.

Lakini siandiki juu ya hayo. Hapa Baraka, kwa bantu bote, ulikufa juu ya kusahau kriki yako, ile chuma ya shofere ya kuinua kamiyo. Mi njo nilibaambia vile. Ni uongo, shemeji, na umekuwa mu kinywa cha bibi yako tangu ile siku.

Unakumbuka ginsi tulianza? Bamama balikuwa banapanda mulima kutafuta kuni ndogo, na tulijua mambo yenye bantu ya bunduki balikuwa banabafanyia kule. Siku moja yaya alirudi bila kuni na bila kitenge yake. Na sisi, wanaume wazima, hatukuuliza. Kesho yake ulikuja ku atelier yangu ya kazi mapema, kamiyo umeiacha ku barabara, ukasema: "Moshi, bibi yangu hapandi tena." Kulikuwa bisiki bya kalitusi nyuma ya shule, binene, bya bure, lakini shoka ilikuwa inaruka tu juu yake. Ukachora na kidole mu majivu: byuma mbili birefu, kabari upande huu, kriki upande huu, kisiki katikati. Kriki inasukuma, kisiki kinapasuka. Mi nikakuambia una wazimu. Ukasema wazimu iko na mikono yake, na mikono njo mi.

Tukakata shasi ya ile kamiyo iliyoungua ku daraja. Kabari tulitengeneza na lame ya resori, ile chuma ya chini ya kamiyo, nikainoa ku jiwe siku tatu juu grupe yangu ya umeme haikuwa na mafuta. Kurudisha kriki nyuma, tukafunga mipira ya gurudumu iliyopasuka. Na ile siku ya mawese! Kriki iliishiwa mafuta yake, ya kununua hakuna, ukasema Fizi yote iko na mawese, kwa nini kriki isikule mawese. Saa ya mchana ilifanya kazi muzuri. Asubuhi ya baridi ikaganda, mukono ukakataa, na yaya akatuuliza kama tulikuwa tunapika sombe mule ndani. Tulicheka mpaka nikakaa chini. Kisha ukaomba shofere moja mafuta ya frein, tukasafisha, ikapona.

Kriki ilikuwa ya kamiyo. Njo maana uliifunga na bulo ine za kukaza na kufungua. Ulisema, na nilisikia na masikio yangu: "Kriki ni ya kamiyo, kuni inaazima tu." Kila safari ulikuwa unakuja na funguo yako, unafungua bulo ine, unabeba kriki yako, unaenda.

Bulo zilikuwa zinalegea, ni kweli. Kisiki kigumu kikija, kriki inainama upande. Siku moja iliruka, ikapita karibu na taya ya yaya. Ulikuwa safari ya Kazimia na pirogue ya ziwa, bila kamiyo. Nilitia mafuta kidogo yenye ilibaki mu grupe, nikaichomelea kriki ku shasi, pande zote ine. Sudire muzuri, shemeji, sijawahi kufanya muzuri vile. Nilijisifu. Sikukuambia.

Ile asubuhi ya Lulimba ulikuja unakimbia. Kamiyo inanguruma ku baryera, bantu na bifuko bya samaki bako juu, ukizima moteri haiwake tena. "Moshi, kriki." Nikakuonyesha. Ulipitisha kidole juu ya sudire yangu, polepole, ukasema: "Umeshona muzuri." Hukunitukana. Ningependa ungenitukana. Nikakuambia ngoja mpaka saa sita, niikate na musumeno. Ukasema bantu hawawezi kungoja mpaka saa sita. Nikasema, utaazima ku Fizi. Ukasema mupira wa gurudumu ukipasuka utaniita nije niinue kamiyo na mabega. Ukaenda.

Mupira ulipasuka mbele ya kufika Fizi, mu ule mupando wa mawe. Mama Sofia, mwenye alikuwa na samaki yake juu, alirudi na miguu akatuelezea. Ulibaambia bantu banze kutembea, ukabaki kulinda kamiyo, juu ya vile haikuwa yako. Uliweka mawe chini ya ekseli, ukaanza kuchimba chini ya gurudumu ili itoke bila kriki, na panga kwanza, kisha na sahani, juu ya vile udongo ni mawe matupu. Gurudumu ya akiba ilikuwa imelala pale pembeni, nzima, imejaa upepo. Ulikuwa umefika nusu. Njo bantu ya bunduki banatokea mu majani. Mama Sofia alisikia masasi tatu. Bantu ya Fizi balikuzika pale pale, Mungu abariki.

Kumaliza matanga, unajua, lazima muntu wa jamaa asimame aeleze kifo kilikuja ginsi gani. Balinichagua mi. Nilisimama mbele ya bazee, na yaya, na batoto bako, na muzee moja akauliza: "Kamiyo kubwa vile, bila kriki?" Nikasema: "Alisahau kuichukua." Ilitoka yenyewe. Bote balitikisa kichwa. Ee, alisahau, maskini.

Tangu pale, kila asubuhi yaya anapiga pompe ile kriki, na kila mara anasema: "Kichwa yako, Wilondja, ee, kichwa yako." Iko na hasira na we. Halie tena, anakasirika tu. Mi ninasikia, ninainama juu ya kazi yangu.

Juzi Neema alisahau jembe ku shamba. Mama yake alimupiga na fimbo, akasema: "Mwenye kusahau kama papa yake!" Mutoto hakulia. Akasema, pole pole kabisa: "Ndiyo, mi niko kama papa." Hapo nikashindwa, shemeji. Moyo ulikataa.

Nilienda karibu na mashini, nikasema yote. Yaya hakuacha kupiga pompe. Alipiga mpaka kisiki kikalia, kikapasuka. Kisha akauliza neno moja: "Alikuja kuiomba?" Nikasema alikuja. Akakaa chini mu maganda ya kuni. Neema alikuwa pale na jembe yake mukononi. Akaniuliza: "Basi papa alikumbuka?" Nikamwambia: "Alikumbuka."

Yaya hanisalimie sasa. Alisema neno mbili tu. Ya kwanza: "Kata." Ya pili: siku ya mungu, nyuma ya ibada, niite bale bale bote benye balikuwa ku matanga, nisimame mahali pale pale, niseme tena. Mama Sofia na yeye atakuwapo. Nitasema. Pengine hakuna mwenye ataniletea kazi tena, na yaya pengine hataniita ndugu.

Basi jana nilichukua musumeno. Kriki ilitoka. Nimeifunga na bulo ine kama ulivyotaka, na yaya alichukua funguo, ameifunga mu ncha ya kitenge yake. Kamiyo yoyote ikienda, anafungua, kriki inapanda, kuni zinangoja.

Kuna moja bado sijamwambia. Nilikuambia ungoje mpaka saa sita. Jana nilianza jua limetoka, na kabla yaya hajamaliza kufagia kiwanja, kriki ilikuwa chini. Kazi yote haikumaliza hata saa moja. Na nilijua, shemeji. Mi fundi, ningekosaje kujua? Ile sudire ilikuwa muzuri, sikutaka kuikata. Njo maana nilisema saa sita.

Lala, Wilondja. Batoto bako nitabasomesha na hii mikono, kama yaya atakubali. Na siku ya mungu, nikisimama mbele yabo, nitabaambia na hii ya saa sita. Neema atakuwa mbele kabisa, amesema atakaa pale.

Moshi wako,
Amisi