Wi-Fi ya Saba na Wifi Yetu

Nyumba ya Uani,
Mtaa wa Maseremala,
Tarehe 14 Aprili.

Mpendwa Dada,

Pokea salamu zangu kabla ya mengine yote. Hujambo? Shemeji hajambo? Na binti yetu, kile kifua kimetulia au bado baridi ya huko inamwandama? Sisi huku tu wazima. Mama anakula vizuri, analala vizuri na analalamika vizuri, kwa hiyo usiwe na hofu.

Ulinitumia ujumbe ukauliza: binti anaanza chuo, unataka kumnunulia laptop, je, hizi Wi-Fi mpya mpya zina maana yoyote au ni maneno ya wauza duka tu? Wifi angekujibu kwa sentensi moja. Mimi nakujibu kwa karatasi, kwa sababu jibu hilo lilinitokea puani, na kuna mengine siwezi kuyasema kwenye simu huku dirisha la wifi likiwa wazi.

Tuelewane mapema. Nikiandika Wi-Fi kwa kistari, ni ile ya hewani. Nikiandika wifi bila kistari, ni mke wa kaka yetu. Zote mbili zimenitesa.

Unajua tunavyoishi. Kaka na mkewe nyumba ya mbele, mimi na Mama huku uani, na ruta inayorusha Wi-Fi ni moja tu, imekaa juu ya kabati sebuleni kwao. Wifi alipopata ile kazi ya kupanga kurasa za vitabu akiwa nyumbani, alinunua laptop mpya, nyembamba kama sinia. Ulipopiga Jumapili ile ya kwanza, sura yako ikatokea safi mpaka kile kidoti cha shavuni kikaonekana. Tangu hapo, kila Jumapili baada ya chakula, Mama anajitanda mtandio wake, anavuka uani kwenda kukuona kwa wifi. Mimi ananiachia vyombo.

Dada, sikufichi, niliumia. Mwanawe wa kumzaa ni mimi, anayemkanda miguu ni mimi, lakini kicheko chake nakisikia kupitia dirisha la mtu mwingine. Nilikuwa nasugua sufuria iliyokwisha takata mpaka mkono unakufa ganzi. Akirudi, ni sifa tu: wifi yako kanipa mto wa mgongo, wifi yako ana subira. Siku moja nikamwambia hata punda ana subira. Hakucheka.

Ni kweli laptop yangu, ile ninayofundishia wanafunzi wa mbali, ilikuwa inakwama. Nikaanza kusoma habari za Wi-Fi. Kumbe zina vizazi kama binadamu: ya nne, ya tano, ya sita, na sasa imekuja ya saba. Yangu ilikuwa ya tano. Boksi la laptop ya wifi lilikuwa bado juu ya kabati lao, nikalisoma siku alipokwenda sokoni: ya sita. Basi nikaamua yangu itakuwa ya saba. Sikuwa na shida na ya saba, nilitaka kumpita.

Kosa langu ni kwamba sikuweza kukaa na siri. Tulikuwa tunaanika nguo, mashuka yake meupe upande wake na yangu yaliyofifia upande wangu, nikamtupia: "Mimi nachukua ya saba."

Akatoa kibanio mdomoni. "Wifi yangu, ya saba ya nini na ruta yetu ni mzee? Laptop na ruta ni watu wawili wanazungumza. Mmoja akijua lugha moja tu, ile ya zamani, na mwenzake itambidi ashuke aizungumze hiyo hiyo. Halafu kwako kinachokusumbua ni kuta. Tuvute waya tu, utashangaa."

"Waya?" nikasema. "Kwani mimi pasi?"

Akaendelea kuanika. Nami moyoni nikasema, umemwona huyo, hataki nimfikie. Dada, mtu akiwa na wivu hata akipewa maji ya kunywa huyanusa kwanza.

Nikaenda dukani na akiba yangu yote. Muuzaji alikuwa mama mmoja mtulivu, miwani yake imening'inia kwa kamba shingoni. Akaniuliza nyumbani nina ruta ya aina gani.

"Mpya kabisa," nikajibu, macho makavu.

"Sawa. Maana ingekuwa ya zamani ningekwambia uchukue hii ya sita, ikutunze miaka, kinachobaki ukiongezee kwenye kumbukumbu na betri."

Nikalipia ya saba. Nilitoka pale nimeibeba kifuani kama mtoto mchanga.

Jumapili iliyofuata naamini unaikumbuka. Nilipanga mto wa mgongo, mzuri kuliko wa wifi. Nilimkalisha Mama mbele ya meza, nikakupigia. Ukatokea. Mama akasema, "Mwanangu!" Nawe ukafungua mdomo kumjibu, ukabaki hivyo hivyo, mdomo wazi, jicho moja limefumba. Mama akasogea karibu, akauliza, "Huyu kapooza?" Nikanyanyua laptop, nikaipeleka dirishani, nikapanda nayo kitandani, nikaipungia mlangoni kama napepeta mchele. Ukakatika. Kisha tukasikia, kutoka nyumba ya mbele, simu yako inaingia kwa wifi. Wewe mwenyewe, Dada. Hukujaribu kwangu hata mara ya pili. Mama akachukua mtandio wake.

Kwa hiyo jibu la swali lako ndilo hili, na limenitoka kwa uchungu. Wi-Fi mpya ina maana pale tu ruta nayo ni mpya, na intaneti inayoingia humo ina nguvu. Mnunulie binti ya sita, inamtosha kabisa. Akiikuta ya saba kwa bei ile ile, asiikatae, siku moja ruta zitamfikia. Lakini asiongeze hata senti kwa ajili yake. Na aulize bwenini kwao wana ruta gani, na chumba chake kiko mbali nayo kiasi gani. Ukuta haujali umenunua nini.

Sasa nikwambie ambalo hukuliona. Mama aliporudi jioni ile, sikujizuia. Nikamuuliza, "Mama, kwa wifi kuna nini ambacho kwangu hakipo?"

Akavua viatu polepole. "Kuna nafasi ya kusema," akasema. "Wewe Chiriku, mimi nikifungua mdomo, wewe umeshamaliza. Dada yako akiniuliza nimelalaje, unajibu wewe. Yule mke wa kaka yako ananiwekea laptop, anatoka nje, anafunga mlango."

Ndipo akaniambia habari za macho. Mtoto wa jicho, yote mawili, na daktari ameshapanga tarehe ya kuanza na moja. Alikuwa anakwenda kukuona kwenye picha safi kabla hawajamgusa, kwa kuhofia yasije yakaharibika zaidi. Wewe ulijua. Wifi alijua. Mimi ninayelala chumba kimoja naye ndiye niliyekuwa mgeni wa habari hiyo.

Nilivuka uani kama moto. Nikamkuta wifi anapanga kurasa zake. Nilimwambia maneno ambayo sitayaandika. Akanisikiliza hadi mwisho, kisha akasema, "Mama alinikataza. Alisema ukijua utalia, na wewe ukilia, yeye atakosa pa kulilia." Akainuka, akatoa waya mrefu nyuma ya kochi. Alikuwa ameshaununua, Dada, tangu siku ile ya nguo. Tukauvuta sote wawili, tukaupitisha chini ya mlango na kando ya ukuta mpaka mezani kwangu. Sikumwambia asante. Nilimwambia waya wenyewe rangi yake mbaya.

Jumapili ile iliyofuata Mama alikuona kwangu, na picha ilisimama imara. Nilitoka nje, nikafunga mlango, nikakaa kwenye kizingiti nikiuma kidole nisirudi ndani. Sijui mlizungumza nini. Sikuulizi. Natamani kujua mpaka leo.

Upasuaji ulivyokwenda unaujua. Usichokijua ni kwamba hospitali waliruhusu mtu mmoja tu kukaa naye ndani. Mimi nilishajua atakayeitwa, nikawa nimemfungashia wifi chupa ya chai kabisa, kwa roho nzito. Mama akasema mbele yetu sote, "Nataka Chiriku. Jicho moja limefungwa, la pili ukungu mtupu, kimya kitaniua. Nipeni mtu asiyenyamaza."

Basi nikazungumza, Dada. Nilimsimulia boksi la kabatini, muuzaji wa miwani, nilivyopanda kitandani na laptop. Mama akacheka mpaka nesi akaja kumkanya asitikise kichwa.

Mlango wa wodi ile una kioo. Niligeuka, nikamwona wifi kwenye benchi la koridoni, chupa ya chai mapajani, ananitazama. Mtazamo ule naujua vizuri, nimeuvaa mwaka mzima. Na yeye alikuwa anakisikia kicheko kupitia mlango wa mtu mwingine. Nikikwambia sikufurahi nitakuwa nakudanganya. Nilifurahi, kidogo. Kisha nikaongeza sauti, ili naye asikie.

Msalimie sana shemeji, na umbusu binti yetu kwa niaba ya mama yake mdogo. Kaka anakusalimu, anasema picha za theluji zimetosha, tuma zenu wenyewe. Wifi anakusalimu pia, najua, ingawa sijamwambia nakuandikia. Mungu awakinge na kila shari, aifungulie njia safari yako ya kuja, na aliponye jicho la pili kama alivyoliponya la kwanza.

Jumapili ukipiga, anza na kwangu.

Nakupenda, hata wakati nakuonea wivu,

Mdogo wako