Uzi Haukuoza

Nyumba ya tatu, nyuma ya kituo cha mifugo,
Jumapili, tarehe 14 Agosti.

Mpendwa mwanangu,

Hujambo huko uliko? Kifua kimeachia? Mama yako alinipigia akasema umekohoa wiki nzima. Sisi huku tu wazima. Goti langu linagoma kupanda ngazi, ila kushuka linakubali, kwa hiyo nashukuru nusu. Mama yako mkubwa ameiona picha yako. Anasema ukikonda zaidi ya hapo usije, atajifanya hakujui.

Nimefurahi kusikia kwamba Jumatatu ijayo mnaanza kupasua wanyama. Umeniomba nikueleze vyombo, maana vyote vinang'aa na vyote vinafanana. Ni kweli vinafanana. Kwa hiyo usikitambue chombo kikiwa bado kwenye sinia. Kishike, kifungue, tazama ncha.

Kisu, wembe wake uuvishe kwa koleo, kamwe si kwa vidole. Mkasi wa kukatia nyama usikatie uzi, utakuwa butu. Kibano chenye meno ni cha ngozi. Ukikipeleka kwenye utumbo utautoboa. Vibanio vya mishipa hujifunga kwa meno ya kwenye vipini, tak, tak, tak. Vihesabu kabla ya kuchana, uvihesabu tena kabla ya kushona. Ukimpa mwenzako chombo, kitue kwenye kiganja chake vipini vikitangulia, asilazimike kuinua macho.

Sasa nije kwenye vile viwili ambavyo mwalimu alikucheka kwa kuvichanganya, vya kushikia sindano. Kimoja kina taya tu. Kingine, nyuma ya taya, kina makali ya mkasi. Kilitengenezwa kwa daktari anayefanya kazi peke yake: anafunga fundo, anausogeza uzi nyuma kidogo, anaukata bila kubadili chombo. Ni chombo kizuri. Lakini ukiuingiza uzi ndani mno wakati unakaza fundo, makali yanaung'ata bila wewe kuhisi. Fundo linabaki, na kwa macho ni zima kabisa.

Mwanangu, hapa kalamu imesimama tangu jana.

Uliniandikia kwamba ulipoanika vyombo vyako mezani, baba yako aliinuka na sahani yake akaenda kula nje, kwenye ngazi. Mama yako naye aliwahi kuniambia kuwa kifungo kikidondoka, shati linawekwa kando. Mumewe hashiki uzi. Wewe unadhani anaidharau kazi yetu. Hapana. Alikuwa msaidizi wangu miaka sita, na mikono yake ilikuwa myepesi kuliko yangu.

Siku hiyo tulikuwa tunamfunga kizazi mbwa wa fundi cherehani mmoja, mjane. Mbwa mwenyewe alikuwa jike mwekundu, sikio moja limelala. Chombo hicho chenye makali kilikuwa kimefika wiki ileile, na mimi nilikuwa nakionea fahari. Baba yako akanitania, "Kaka, hicho kina mkasi kooni. Utaukata uzi halafu utasema ni panya." Nikamjibu, "Wewe chemsha nyuzi zako, daktari ni mimi." Tukacheka, tukaendelea.

Saa nane mchana mbwa aliamka, akatikisa mkia mara moja. Saa tisa fizi zake zilikuwa nyeupe kama karatasi. Nilimfungua tena nikakuta tumbo limejaa damu, na mikononi mwangu akafa. Uzi wa kwenye mshipa ulikuwa umeachia. Nikautoa nikautazama. Uzi uliooza hukatika vinyuzinyuzi. Huu ulikuwa na ncha safi. Nilijua palepale.

Mkuu wa kliniki akaingia, akauliza kumetokea nini. Baba yako alikuwa bado amenishikia taa. Nikasema, "Uzi umeoza. Umechemshwa kupita kiasi."

Alinitazama, kisha akaitazama mikono yake. "Kaka, kweli? Mbona nimeuchemsha kama siku zote?"

"Basi leo umezidisha."

Akaniamini. Angebisha ningeweza kuishi nalo. Alikwenda mwenyewe kwa yule mjane, akamkabidhi mkanda wa mbwa wake, akamwambia, "Nisamehe, mama, ni mimi." Mwisho wa juma akaachishwa kazi, na mwezi uliofuata akahamia huko mliko. Wewe ulikuwa hujazaliwa.

Imepita miaka ishirini na sita. Ile tak, tak, tak naisikia kwenye kitasa cha kabati, kwenye saa ya ukutani, hata mama yako mkubwa akitafuna karanga. Nikinawa mikono huhisi mtu amesimama kuliani kwangu, mahali pa msaidizi, ananingoja niseme. Nageuka, hakuna mtu. Wengine huandamwa na wafu. Mimi ndugu yangu yu hai, na hunijia vivyo hivyo, akiwa kijana, na taa mkononi.

Ninakuomba jambo moja. Usimsomee baba yako barua hii, wala usimweleze kwa maneno yako. Mpe mkononi, kisha uende chumba kingine. Mistari hii ni yake:

Mdogo wangu, uzi haukuoza. Uliuchemsha sawasawa. Niliukata mimi, nikaiona ncha yake, nikasema uongo mbele yako.

Akitaka kuja kunitukana, aje. Akitaka kunyamaza, ni haki yake. Mkuu wetu wa zamani bado yu hai. Nimemwandikia yeye kwanza, ili nisipate njia ya kurudi nyuma.

Na wewe, Jumatatu au siku nyingine, utakosea. Sema palepale, glavu zikiwa bado mkononi. Ukingoja hadi kesho yake, utakuta umeshauzoea uongo.

Nisalimie sana mama yako na wadogo zako, wale pacha watundu. Kwa baba yako situmi salamu. Sijui kama bado anazitaka kutoka kwangu, na sitaki umlazimishe kujibu.

Mungu aitulize mikono yako.

Mimi nikupendaye,
Baba yako mkubwa