Saida Ameshika

Jumatatu, 6 Oktoba

Shhhhhh. Sauti hiyo imebaki masikioni tangu jana. Si ya mvua. Ni ya redio ya Mama, pale nilipoachia antena ili nijikune pua. Mtangazaji alikuwa katikati ya jina la marehemu. Akapotea. Wote waliokaa mkekani wakageuka kunitazama kana kwamba nimemuua mimi.

Leo tena. Nimerudi kutoka shule na chaki kwenye nywele, sijavua hata viatu. Mama: "Saida, kuya ushike, mama." Antena ilivunjika zamani, imebaki kijiti kifupi kama kidole. Nikikishika kwa mkono wa kushoto na kuegemea nondo za dirisha, redio inasema wazi. Akishika mwingine, inakoroma. Majirani wote wamejaribu. Ni mimi tu. Hapa mtaani Kamenge tunasema redio inashika, au redio haishiki. Siku hizi wanasema Saida anashika.

Habari. Matangazo ya vifo. Mchezo wa kuigiza. Mkono umekufa ganzi hadi begani. Madaftari ya wanafunzi hayajasahihishwa.

Jumatano, 8 Oktoba

Nimejaribu kujinasua. Uma uliofungwa kwa waya: kidogo, kisha basi. Hanga ya nguo: kwaya tu, kutoka Kongo ng'ambo ya ziwa. Mwavuli wa Maman Jeanine, jirani wetu, tukaufungua sebuleni. Hakuna kitu, na yeye mwenyewe akaingiwa na hofu ya mkosi.

Si sisi peke yetu tuliorukwa na akili. Mzee Sudi, fundi cherehani wa mtaa, amezungusha waya kwenye kofia yake na kuushusha hadi redio iliyo mfukoni mwa shati. Anashona huku akigeuza kichwa upande wa ziwa au upande wa milima, kulingana na anachotaka kusikia. Wateja hudhani anakataa bei. Maman Jeanine naye anaapa kwamba jino lake la dhahabu huimba akipita chini ya mnara wa simu. Nilimuuliza wimbo gani. "Nusu tu, sha. Nikifunga kinywa inakatika."

Nilimnunulia Mama redio mpya. Ameirudisha kwenye boksi. Anasema ina sauti ya mbu. Hii ya zamani ilikuwa ya Baba. Na macho ya Mama yana mtoto wa jicho, nyuso hazioni tena vizuri. Redio ndiyo njia yake ya kutoka nje. Najua. Kujua hakuponyi bega.

Ijumaa, 10 Oktoba

Niandike ukweli, kwa kuwa hakuna atakayeusoma. Nimekubali kuolewa na Hamisi kwa sababu ya mkono wangu.

Anauza vipuri vya magari. Ana nyumba mpya Kibenga, karibu na ziwa. Mpole. Ananukia sabuni. Nimeongea naye mara chache, kila mara mbele ya watu. Sijui kama nampenda. Alipouliza, nilikuwa nimetoka kusimama dirishani. Nikafikiri: kule nitakaa kwenye kiti. Nikasema ndiyo.

Watu wake watakuja na mahari mwisho wa mwezi. Mama hajafurahi hivi tangu Baba afariki. Hajauliza nani atashika nikiondoka. Labda hajafikiria. Labda amefikiria sana.

Jumapili, 12 Oktoba

Mvua kutwa. Umeme hakuna. Redio ni ya betri. Nilishika.

Jumanne, 14 Oktoba

Sijui nicheke au nilie. Sijafanya lolote kati ya hayo.

Asubuhi Maman Jeanine alikuwa kwenye bomba la maji. Mzee Sudi, akiwa kwenye cherehani yake ng'ambo ya njia, akamuuliza kama mchezo wa jana ulisikika. Mwanamke huyu hajui kusema polepole. Akapaza sauti:

"Saida ameshika! Ameshika muzuri, we! Siku hizi anashika bila taabu!"

Mama mmoja wa ushungi mweusi alikuwa anapita. Akasimama.

"Saida gani? Ule mwalimu?"

"Ee, njo uyo. Mama yake amefurahi sana. Kila magaribi tunaenda wote kumuangalia."

"Na bwana anajua?"

"Bwana gani tena? Ile inataka bwana? Anasimama ku dirisha, anashika!"

Mama yule alikuwa amebeba bakuli la sambusa. Akageuka nalo akarudi alikotoka.

Maman Jeanine alitusimulia haya mchana, akicheka habari ya mgeni asiyejua salamu. Mama akamuuliza sura yake. Ushungi mweusi, kidoti kidevuni. Mama akakaa chini taratibu. Ni Hadja Mariamu, shangazi aliyemlea Hamisi. Zile sambusa zilikuwa zetu.

"Jeanine, weye ulizaliwa na mutu wa namna gani," akasema Mama. "Ulimwambia ameshika nini?"

"Redio!"

"Ulitaja redio?"

Maman Jeanine akaziba kinywa kwa kiganja. Jino halikuimba.

"Ee Mungu wangu. Redio sikuitaja."

Katika Kiswahili chetu, mwanamke aliyeshika, bila kitu kutajwa, ameshika mimba. Haihitaji maelezo. Mtoto mdogo anajua.

Jumatano, 15 Oktoba

Hamisi hapokei simu. Shuleni walimu wenzangu wananitazama tumbo kabla ya uso. Leo nilikuwa nimevaa gauni pana. Bahati mbaya tu, lile jingine lilikuwa halijakauka.

Ijumaa, 17 Oktoba

Mama anakula vijiko viwili anasukuma sahani. Ametuma ujumbe kwa Hadja kupitia watu wa msikitini. Kimya. Hajaomba redio hata mara moja tangu Jumanne. Ningependa aiombe. Afadhali bega kuliko kimya hiki.

Maman Jeanine amezunguka mtaa mzima akieleza: ni redio, ni redio. Watu wanamjibu sawa, Maman, tumesikia. Kadiri anavyoeleza ndivyo mimba yangu inavyokua.

Nina hasira naye. Na Mama. Na Hamisi kuliko wote, aliyeweza kupiga simu moja akauliza. Na kuna jambo jingine, naliandika polepole kwa sababu linanitisha: tangu aache kupokea simu, nalala vizuri.

Jumamosi, 18 Oktoba

Hadja Mariamu amekuja mwenyewe. Hakuvua ushungi, hakugusa chai.

"Mi sikukuya kugombana," akasema. "Nimekuya kuona kwa macho yangu."

Mama akaniambia, kwa sauti ya mtu anayeomba: "Saida, washa redio."

Nikaelewa. Nikaiwasha. Hadja akashika kijiti kwanza: mkoromo. Maman Jeanine akashika: mkoromo. Nikashika mimi, nikaegemea nondo, na mtangazaji akaanza kueleza ugonjwa wa ndizi kama vile alikuwa ananisubiri. Hadja akanivuta mkono. Mkoromo. Akaurudisha. Ndizi. Akauvuta tena, akaurudisha tena. Kama mtu anayejaribu tochi dukani kabla ya kuinunua.

Kisha akacheka hadi ushungi ukamwanguka mabegani.

"Astaghafirullah! Kumbe mutoto iko na stesheni yake!"

Akamkumbatia Mama. Mama akalia. Maman Jeanine akalia kwa sauti kuliko wote, naye ndiye aliyeanzisha. Chai ikanywewa. Mahari itakuja Jumapili, tarehe 26, kama ilivyopangwa. Hakuna aliyeniuliza kama bado naitaka.

Mlangoni Hadja akakibana kiganja changu katika vyake. "Kule Kibenga redio inatusumbua, binti yangu. Hamisi na mupira wake, anapanda mupaka ku ukuta. Alhamdulillahi, tumepata."

Wote wakacheka. Nikacheka na mimi.

Jumapili, 19 Oktoba

Hamisi amepiga simu. Akaomba radhi vizuri, kwa maneno yaliyopangwa. Nikamuuliza: uliamini?

"Watu walisema, Saida. Ningefanya nini?"

"Ungeniuliza."

"Basi njo nakuuliza sasa. Uko muzima?"

Siku tano zimepita. Nikasema niko mzima.

Akaanza kucheka. "Shangazi ameniambia yote. Basi utakuwa unatushikia mechi, hein?" Nikangoja aendelee kucheka ili nijue ni utani. Hakuendelea. Akaanza kunieleza dirisha la sebule liko upande gani.

Si mtu mbaya. Hilo ndilo linalonichosha. Angekuwa mbaya ningejua la kufanya siku ile ile. Mama ananihitaji kwa kuwa haoni. Yeye anaona vizuri kabisa, na alichokiona ni mkono. Lakini na mimi je, niliona nini kwake? Kiti. Tuko sawa. Watu wawili wanaotafuta samani.

Jumatatu, 20 Oktoba

Nimefundisha vibaya. Nimeweka mto Rusizi upande usio wake kwenye ramani, wanafunzi wakanisahihisha. Mama ameanza kuhesabu viti vya kuazima kwa majirani siku ya mahari. Anaimba jikoni. Kila wimbo unanifunga mlango mmoja.

Jumatano, 22 Oktoba

Jana baada ya vipindi nilikwenda dukani kwa Hamisi. Nilingoja mteja amalize kuchagua mkanda wa feni. Nikamwambia sitaolewa naye. Alidhani ni kwa ajili ya uvumi, akaanza tena kuomba radhi. Nikamwambia hapana, uvumi umekwisha, hii ni mimi. Akauliza kama kuna mwingine. Hakuna. Akafuta meza kwa kitambaa, mahali palipokuwa safi. Akasema basi nimwambie shangazi mwenyewe, yeye hawezi. Nikaenda. Hadja Mariamu alinisikiliza amesimama, hakunikaribisha ndani. Alisema neno moja la Kirundi ambalo sitaliandika, kisha akasema nimesoma mno. Labda.

Mama nilimwambia kabla hajasikia nje. Alikuwa anachambua maharage kwa vidole, kwa kuwa macho hayamsaidii. Vidole havikusimama.

"Umewaambia weye mwenyewe?"

"Mi mwenyewe, Mama."

Akatupa jiwe dogo uani. Akasema, bila ukali, kwamba angependa kushika mjukuu. Nikasema najua. Nikakaa chini karibu naye, nikavuta ungo katikati yetu, tukamaliza maharage pamoja.

Leo nimepita kwa wote tuliowaomba viti. Nimewaambia wabaki navyo. Jumapili watu wa mahari hawaji.