Nilimsahihisha Baba, na Baba Akaacha Kazi

Mpendwa Mshauri,

Naomba unisaidie kabla sijamkosea baba yangu mara ya pili, maana mara ya kwanza nimeshamkosea na yeye hajui, na kila asubuhi nampelekea chai nikimtazama usoni kama mtu asiye na hatia. Baba ni fundi wa piano, miaka arobaini anapatanisha nyuzi kwa masikio yake tu, na mimi bintiye amenifundisha kazi hiyo hiyo, ila mimi nilinunua kipimo cha elektroniki, kile unachokiweka juu ya piano kikakuonyesha kwa taa kama uzi umelegea au umekazwa mno, na baba hukicheka, husema, "Hiyo taa yako inaona, haisikii."

Mwaka huu nikaanza kumwona anasema "eh?" mezani, nikimwita kutoka jikoni haitiki, nikaingiwa na hofu kwamba masikio yanamwisha na wateja watatukimbia, basi nikawa narudi kwa siri kwenye nyumba alizokwisha kutengeneza, nasema nimesahau kitambaa, natoa kipimo narekebisha noti mbili tatu za juu, wala hakuna aliyejua. Mwezi uliopita akaenda ukumbi wa kwaya, mahali anapokwenda peke yake siku zote, kesho yake nikafika na kipimo changu, na lo, Mshauri, piano nzima sauti yake ilikuwa chini, kila noti taa nyekundu, nikalia pale pale, nikasema baba amekwisha, nikafunga mlango nikazikaza upya nyuzi zote mia mbili na kitu, tangu asubuhi hadi alasiri, mpaka kila noti ikawaka kijani.

Jumapili mwalimu wa kwaya akaja nyumbani amefura. "Fundi, umetuaibisha! Piano na kinanda kikubwa cha mabomba vinagombana kama wake wenza, waimbaji hawajui wafuate kipi!" Baba hakwenda hata kukagua, aliamini. Alisema tu, "Nisamehe, mwalimu. Nadhani masikio yameniacha." Mgeni alipoondoka akanikabidhi mkoba wake wa zana. "Chukua, mwanangu. Mimi basi."

Nikaenda ukumbini kuchunguza, mtunza ukumbi akanishangaa. "Kwani hakukuambia? Kinanda chetu cha mabomba ni cha zamani, kiko chini kidogo na hakipandishwi. Baba yako kila akija hukibonyeza kwanza, anasikiliza, ndipo anaishusha piano ifuatane nacho." Kumbe baba alipatia, mharibifu ni mimi, na sasa ni wiki ya tatu hatoki, hata mluzi aliokuwa akipiga akinyoa ndevu ameacha, na nikisema la ukumbi itabidi niseme na la zile nyumba zote, atajua miezi sita nimekuwa nikimfuata nyuma kama mwalimu anayesahihisha madaftari. Je, niitengeneze ile piano kimya kimya, nimwambie wamegundua kinanda ndicho kilichokuwa kibovu, yaishe?

Binti Fundi

*

Binti Fundi,

Yaishe wapi? Ulianza kwa siri, ukaharibu kwa siri, sasa unataka kutengeneza kwa siri, na juu yake unakisingizia kinanda cha watu. Hapana.

Pole nakupa, kwa sababu hukufanya kwa ubaya. Ulitaka kumsitiri mzazi wako, na hilo si jambo dogo. Lakini kuuliza si ujinga. Ungemwuliza tu, "Baba, mbona piano ya ukumbi iko chini?" angekujibu kabla chai haijapoa. Kipimo chako hakikudanganya: kilisema noti ziko chini, na kweli zilikuwa chini. Aliyeamua kwamba huo ni uzee ni wewe.

Na hilo la "eh?" mezani. Mume wangu nikimwambia afagie uani hasikii, nikifunua sufuria anasikia akiwa kwa jirani. Huenda baba yako hakuwa akikusikiliza. Huenda pia masikio yanapungua kweli, umri haumwachi mtu. Atakayesema ni daktari wa masikio, si wewe na vitaa vyako. Mpeleke, ila baada ya kumwambia ukweli, asije akadhani anapelekwa kusomewa hukumu.

Sasa fanya hivi. Kaa naye, uanze na neno analolihitaji: "Baba, hukukosea. Ni mimi." Kisha zile nyumba, zote, usibakize hata moja. Atakasirika, na ana haki. Akikugombeza usimkatize. Halafu nenda kwa mwalimu wa kwaya kwa miguu yako mwenyewe, ukaseme mbele ya waimbaji walewale waliosikia jina la fundi likitajwa vibaya, maana msamaha wa pembeni hautamsafisha. Mkoba mrudishie, umwombe mwende wote ukumbini akuonyeshe anavyoishusha. Kipimo usikitupe. Noti za juu kabisa huenda siku moja mkazihangaikia wote wawili, lakini iwe kwa kukubaliana, mchana kweupe.

Unaogopa atajua hukumwamini. Atajua, na itamuuma, nami sina dawa ya hilo. Lakini maumivu anayouguza sasa ni makubwa zaidi, na hayana sababu. Mwambie leo, kabla hajauzoea uziwi asio nao.