Kijani cha Iliki

Pongwe, 5 Februari 2024

Baba, assalaam alaykum. Shikamoo. Mimi mzima, ila usingizi sina. Mjukuu wako Gulbanu anaota meno na mtaa mzima unajua. Kifua chako kimepoa?

Laurenti wa Amani kanipigia, kakasirika. Maboksi ya iliki uliyomchapia mara tatu yamekuja na kijani cha namna tatu, wateja wanadhani ni bandia. Oda ijayo ikikosewa anahamia kwa wachapaji wa Dar, na bila yeye mashine yetu tunaifunga.

Chapa karatasi hii ya majaribio kwenye kadi ileile. Wino usiongeze, usipunguze. Nitapima kila rangi kwa kifaa changu nitengeneze profaili, kompyuta ijue mashine yetu inavyoweka rangi kwenye kadi ile. Mpe Sele wa bodaboda ailete. Usitume picha, simu inadanganya rangi.

Mwanao,
Ummekulsum

Ngamiani, 8 Februari

Mwanangu, wa alaykum salaam. Marahaba. Kifua kimepoa, alhamdulillahi.

Karatasi hiyo hapo. Buluu nimeongeza kidogo tu, maana kijani kilinijia cha manjano kama ndimu iliyoiva. Miaka thelathini nachanganya wino, leo kidude cha Pongwe kinifundishe kijani? Haya, kinifundishe.

Babako

Pongwe, 11 Februari

Baba, shikamoo. Umeamkaje? Nilikuomba usiguse. Siandiki kwa hasira. Naandika mtoto yuko begani.

Nimepima karatasi yako, na maboksi ya mwezi wa nane, wa kumi na wa kumi na mbili. Nyekundu na nyeusi zimetulia. Buluu inapanda kila mara. Jirani yangu Khuloud kaliona boksi la mwisho kauliza, "Hili la iliki au la sabuni?"

Mashine haina kosa, Baba. Itazame kanzu yako nyeupe kwa jicho moja, kisha kwa jingine, uniambie kweli. Mpaka daktari akuone, achape fundi wako Hisham. Jumamosi nakuja kukuchukua. Usijifiche msikitini.

Mwanao

Ngamiani, 19 Februari

Mwanangu, salaam. Jumamosi ulikuta nimefunga mlango. Nilikuwa barazani kwa Masoud, nikinywa kahawa. Nisamehe.

Kanzu ni ya manjano kwa macho yote mawili. Nalijua tangu mwaka juzi. Mama yako ndiye aliyekuwa akichukua karatasi ya kwanza, anasimama nayo mlangoni saa nne, jua likiwa zuri, anasema, "Basi," nami naendelea. Mie naweka wino, yeye anaona. Mwezi wa saba tukamzika. Kumsimamisha mtu mwingine pale mlangoni sikuweza.

Babako

Pongwe, 20 Februari

Baba, shikamoo. Nimesoma, nimelia, nimenyonyesha. Kesho Jumatano saa moja asubuhi niko kwako, na mtoto mgongoni. Tunakwenda hospitali.

Boksi la mwisho alilolipitisha Mama ninalo. Kijani kile ndicho nitakachokilenga.

Mwanao

Ngamiani, 24 Aprili

Mwanangu, assalaam alaykum. Gulbanu hajambo? Jicho la kulia limetolewa mtoto wa jicho na limepona, la kushoto mwezi ujao, inshallah.

Nimeyatoa yale maboksi ya mwezi wa kumi na mbili. Ummekulsum, buluu yote ile! Nimempigia Laurenti kumwomba radhi. Kasema tumletee haya mapya ayaone.

Leo tumechapa kwa profaili yako. Hisham kashika wino, mimi nimekalia mikono yangu. Saa nne nikaichukua karatasi ya kwanza, nikasimama nayo mlangoni pamoja na boksi la mama yako. Nimevigeuza juani mpaka Hisham akauliza, "Mzee, vipi, tuendelee?"

Nikasema, "Basi."

Babako