Nilimwonea Haya Mkwe Wangu Hospitalini, Sasa Bima Imekataa Kulipa

Mpendwa mshauri Violeth,

Nakuandikia nikiwa nimechoka, naomba unisaidie kabla sijafanya jambo ambalo nitalijutia. Mimi ni mama wa watoto watano, nakaa Somanda hapa Bariadi, nauza vitenge na mashuka, shule niliishia darasa la saba lakini duka langu halijawahi kufungwa kwa hasara. Majina humu nimeyabadilisha, ila sifa nilizoandika ni za kweli, naomba usizikate.

Binti yangu wa kwanza, nimwite Georgina, ni nesi Ujerumani, na si nesi wa kuombaomba kazi, wao wenyewe ndio walimwita, alisomea lugha yao Dar es Salaam akafaulu mtihani mara ya kwanza wakati wenzake wengine wanarudia mpaka leo, na mtaa mzima huu hakuna mtoto mwingine aliyefika huko kwa kazi ya cheti. Mumewe nimwite Ferdinand, kijana wa Nassa, Msukuma mwenzetu, kwao ni wavuvi na wakulima, na huyo ndiye mkwe ambaye kila mama angemtaka, alileta ng'ombe wa mahari wote kwa mara moja, hakubakiza hata ndama, na wazee wake walipoingia uwanjani kwangu majirani walitoka nje kutazama. Sisemi haya kwa kujisifu, nasema ili uelewe ninachokwenda kupoteza.

Basi wakaniita nikawatembelee. Georgina akanikatia bima ya safari maana bila bima ubalozi hawakupi viza, na mimi nikaenda kupimwa hapa hapa hospitali, presha safi, sukari safi, kila kitu safi, daktari akacheka akasema mama wewe utatuzika sisi wote. Karatasi ninayo. Nikaondoka na vitenge vipya na kwaya yetu yote ikanisindikiza stendi.

Shida iko hivi, mshauri. Wewe sijui ni wa kabila gani, lakini kwetu mama na nkwilima wake, yaani mume wa binti yake, wanaheshimiana sana, hampeani mkono, hamli sahani moja, na habari za mwili wako hazifiki masikioni mwake. Na kule wanakaa kwenye ghorofa, nyumba ndogo, choo kimoja na mlango wake unatazama sebule. Nilikuwa naweza kukaa nimebanwa saa nzima namsubiri atoke. Naye yule mtoto ana adabu, aligundua, akawa kila baada ya muda anavaa koti anatoka kwenda kibarazani anasimama kwenye baridi anatazama magari, ili mimi nipite. Hatujawahi kuambiana. Ilikuwa hivyo tu, naye anapita, nami napita.

Siku moja Georgina ameshaenda kazini, simu zao kule zinafungiwa kabatini mpaka zamu iishe, mimi nikaanza kuumwa tumbo chini upande wa kulia, nikafikiri ni gesi, nikajilaza, likazidi, nikauma mto nisisikike. Ferdinand alikuwa nyumbani maana yeye anafanya kazi kiwanda cha mikate, anaingia jioni. Akagonga mlango, akaniita mayu, yaani mama kwa Kisukuma.

"Mayu, uko salama?"

"Niko salama baba, ni uchovu tu."

Akarudi tena. "Mayu, nimesikia kama unalia."

"Naimba," nikamwambia.

Baadaye nilipojaribu kusimama nikaanguka, na huyo mtoto, mshauri, akaingia chumbani kwa mkwe wake, akaniinua kwa mikono yake, huku anasema nisamehe mayu, nisamehe mayu, mpaka gari la wagonjwa likafika.

Hospitalini daktari alikuwa msichana mdogo tu, mkarimu, lakini Kijerumani kitupu, kwa hiyo Ferdinand ndiye akawa mdomo wangu. Akasimama ameelekeza uso ukutani.

"Mayu, anauliza panauma wapi."

"Mwambie tumbo."

"Anauliza tumbo sehemu gani."

"Tumbo tu, baba."

Akakohoa. "Mayu, samahani, hapa anauliza mambo ya kina mama. Uzazi, na... mambo ya kina mama. Na kama maumivu haya yamewahi kukupata, yalianza lini."

Nilitamani kitanda kile kinimeze. Nikaona maswali haya yakiendelea hivi nitavuliwa nguo kwa maneno mbele ya mume wa mwanangu. Nikasema, "Mwambie ni ya zamani. Yalianza nyumbani miaka mingi, yanakuja yanaondoka, nimeyazoea. Asiniulize tena." Ferdinand akatafsiri kama nilivyosema. Daktari akaandika, na kweli hakuuliza tena.

Kumbe ilikuwa kidole tumbo, kilikuwa karibu kupasuka. Wakanipasua siku hiyo hiyo, nikapona, Mungu mkubwa, nikarudi Bariadi na kovu dogo zuri kama limeshonwa na cherehani.

Sasa bima wamekataa. Wanasema ugonjwa nilikuwa nao tangu nyumbani, daktari ameandika, na bima hailipii ugonjwa uliosafiri nao. Bili yote imewaangukia Georgina na mumewe, wanalipa kidogo kidogo, na bili ya huko si kama ya kwetu, nikikutajia utaiangusha hii barua.

Nimepanda basi mpaka Mwanza kwenye ofisi ya mawakala wa hiyo bima. Mara ya kwanza mtandao hakuna, mara ya pili meneja yuko kikaoni, mara ya tatu binti mmoja mwenye kucha ndefu akaniambia, "Mama, sisi hatujabuni kitu. Wewe mwenyewe ulisema unaumwa miaka mingi. Au ulimdanganya daktari?" Ningemwambia nini, na watu wamejaa kwenye foleni wanasikiliza?

Lakini si bili inayonimaliza. Georgina alinipigia.

"Mama, ulijua unaumwa ukanyamaza?"

"Sikujua, mwanangu."

"Mbona ulimwambia daktari miaka mingi?"

Ningesemaje, kwamba nilimwonea haya mume wako? Angeona namlaumu Ferdinand, ambaye bila yeye ningekufa.

"Basi sawa mama, tutalipa," akasema. "Ila ungeniambia tu. Ningekuuguza hata bila kunificha."

Anaamini nilikwenda kwao na ugonjwa wangu makusudi ili nitibiwe kwa mgongo wao. Zamani kila Jumapili alikuwa anapiga, naweka simu sauti kubwa dukani wateja wote wanasikia Ujerumani. Siku hizi ananiandikia tu, umeamkaje mama, uwe na siku njema. Rafiki yangu Maximiliana wa duka la jirani juzi kaniuliza, "Nesi wetu kapotea, au vocha kule zimekwisha?" Nikacheka naye. Nimechoka kucheka.

Mume wangu anasema nisihangaike, tuuze wale ng'ombe wa mahari, tuwatumie hela wakamalize deni, jambo la aibu liishe bila watu kujua. Wako kwa shemeji yangu kijijini, na mnunuzi ameshawaona, anasubiri neno langu. Moyo unaniambia niuze. Maana njia nyingine ni kuwaandikia bima nieleze ukweli wa siku ile, mambo ya tumbo langu na aibu yangu, na barua ya huko lazima itafsiriwe, na atakayeitafsiri ni nani kama si Ferdinand? Nitamtazamaje tena?

Nisaidie, mshauri. Niuze, au nifanyeje?

Mama Nesi, Somanda

*

Mama Nesi, pole. Pole ya upasuaji, pole ya basi la Mwanza, na pole zaidi ya hizo Jumapili ambazo simu haiiti. Sifa za mwanao sijazikata hata moja. Anazistahili, na mkwe wako anazistahili kuliko ulivyoandika.

Sasa kaa chini nikuambie. Ulimdanganya daktari. Najua kwa nini, na mama yangu mzazi angefanya vilevile, lakini uongo ule uliingia kwenye karatasi, na bima hawakuona uso wa Ferdinand ukutani. Wameona karatasi. Yule binti wa kucha ndefu hakuwa na adabu, ila swali lake lilikuwa swali sahihi, na hakuna aliyelijibu mpaka leo. Umekaa na jibu kifuani, unasubiri watu walikisie.

Kwanza kabisa, mwambie mnunuzi hapana. Siyo subiri, hapana. Wewe ni Msukuma, mimi ni mgeni wa kwenu kikazi tu, lakini hata mimi najua ng'ombe wa mahari wakitoka kwa wazazi wa mke kurudi upande wa mume maana yake ni nini. Utauza ng'ombe aliowaleta Ferdinand, umtumie hela Ferdinand, bila kumweleza sababu. Wazee wake wa Nassa wakisikia wataelewa kitu kimoja tu, kwamba mmemrudishia mali yake na mnamtaka binti yenu. Unataka kukwepa aibu ya dakika tano, unakwenda kuvunja ndoa ambayo haina kosa lolote. Mumeo naye mwambie hivyo hivyo, kwa maneno haya haya.

Kuhusu bima. Kukataliwa mara moja siyo mwisho, barua yao ya kukataa inapaswa kueleza kifungu walichotumia na namna ya kupinga, na kama haielezi, Georgina awaandikie kudai maelezo hayo kwa maandishi. Mambo ya kuambiana dirishani Mwanza yaache, huko hupati chochote zaidi ya nauli kuisha. Halafu aombe hospitali faili lako zima, na amwombe daktari aliyekupasua aandike alichokikuta tumboni. Mimi si daktari, yeye ndiye atakayesema, lakini sijawahi kusikia kidole tumbo kilichokaribia kupasuka kikakaa miaka mingi kinasubiri viza. Ile karatasi ya kupimwa kabla ya safari unayojivunia, hapo umefanya la maana, ipige picha umtumie. Nenda pia hospitali uliyozoea kutibiwa hapo Bariadi, waandike kama faili lako lina maumivu ya tumbo ya namna hiyo au halina.

Kisha maelezo mawili, lako na la Ferdinand. La kwake ni fupi: kwamba yeye ndiye alikuwa mkalimani, kwamba ni mkwe wako, kwamba kwa mila zenu mama hazungumzi habari za mwili mbele ya mkwe, na kwamba alitafsiri ulichosema kama ulivyokisema. La kwako ni kwamba maumivu yalianza siku ile ile, na kwamba ulijibu vile ili maswali yaishe. Mambo ya uzazi huna haja ya kuyaandika kabisa, hakuna aliyekuuliza hayo isipokuwa daktari, na yeye ameshapata jibu lake kwa kisu. Umejitisha bure na barua ambayo hakuna anayekudai.

Na ya kutafsiriwa na Ferdinand, mama, umesahau unaye nani? Umetumia nusu ya ukurasa kuniambia binti yako alifaulu Kijerumani mara ya kwanza. Mtumie yeye. Mila yenu haikukataza kusema na mkwe, imeweka mtu wa katikati wa kupitishia maneno, na mtu huyo ni Georgina. Siku ile hakuwepo, ndiyo maana mambo yakaharibika. Leo yupo. Na ukisafiri tena, kabla hujalala kitanda cha hospitali yoyote, omba mkalimani mwanamke au waambie wampigie binti yako kazini kwa simu ya ofisi. Hilo mtu anaweza kulisema hata akiwa anaumwa.

Wakikataa tena baada ya hayo yote, peleka malalamiko kwa msuluhishi wa migogoro ya bima kama bima hiyo ilikatwa hapa nchini, Georgina aangalie kwenye hati imetolewa na kampuni ya wapi. Siwezi kukuahidi kwamba watalipa. Uliwapa sababu nzuri ya kukataa, na kuna watu wenye haki kuliko wewe ambao wamezungushwa mpaka wakachoka. Inawezekana kabisa bili hiyo ikabaki kwao. Ikibaki, mtakaa kama familia mpange namna ya kuwasaidia kwa faida ya duka, taratibu, kila mtu akijua analipa nini na kwa nini.

Lakini deni lako kwa Georgina siyo la bima. Anadhani mama yake alimtumia. Amebeba hilo kazini, anawauguza mama za watu wengine huku analifikiria, na wewe ukikaa kimya eti unamlinda mumewe. Humlindi. Nina hakika kabisa Ferdinand anajua kilichotokea chumba kile, yeye alikuwepo, anashindwa tu kumwambia mke wake kwa sababu ile ile iliyokushinda wewe. Ninyi wawili mnaheshimiana mpaka mnamwacha huyo mtoto peke yake.

Usimwandikie ujumbe. Piga. Ondoa sauti kubwa, funga mlango wa duka, mwache Maximiliana abaki nje na maswali yake. Sema hivi: "Sikukuficha ugonjwa, mwanangu. Nilimwonea haya mume wako, nikasema uongo, naye hana kosa." Usiongeze sifa, usiongeze maelezo ya bima. Halafu nyamaza umsikilize, hata akilia, hata akifoka, hata akikata simu. Akikata, piga tena kesho yake.